Maji ya Mgeni

Mhuri wa kijiji ulikuwa umekauka wino. Xavery, mtendaji wa kijiji cha Litembela, aliupulizia pumzi ya moto mara mbili, akaukandamiza juu ya barua kwa uzito wa mwili wake wote, akauinua. Karatasini ikabaki nusu duara hafifu.

"Usijali, Daktari," alisema. "Nusu ya mhuri wa serikali bado ni mhuri."

Daktari Gaudiosa Ndunguru alicheka kidogo kwa adabu, akaipokea barua kwa mikono miwili. Maneno yake aliyatunga mwenyewe juzi yake, maana Xavery, mtu wa Kigoma aliyeletwa huku kikazi, alimwambia wazi kwamba kemia aliiacha kidato cha pili na tangu siku hiyo hawajatafutana. Barua ilisema kwamba uongozi wa kijiji unathibitisha kuwa utafiti wa mtajwa hapo juu umeinufaisha jamii ya Litembela kwa kuiepusha na maji yenye shaba nyingi.

Hiyo ndiyo karatasi ya mwisho iliyokuwa imepungua katika faili lake. Taasisi aliyoifanyia kazi Dar es Salaam ilikuwa na sheria yake: mtafiti akikaa miaka sita bila kupanda cheo, hapewi mkataba mwingine. Mwaka wake wa sita ulikuwa ukiishia Desemba. Kamati huangalia mambo matatu: umechapisha makala ngapi, watafiti wenzako wamezitaja mara ngapi katika kazi zao, na umeisaidia nini jamii. Gaudiosa alikuwa na makala sita. Tano kati ya hizo, zote pamoja, zilitajwa mara tisa, na katika hizo tisa, mara nne alijitaja mwenyewe. Ya sita ilikuwa ile ya chemchemi ya Litembela, kijijini kwao. Hiyo ilitajwa mara mia moja arobaini na moja, kuanzia Brazili hadi Vietnam, popote pale mtu alipoipulizia mibuni mrututu, dawa ya shaba, akataka kujua inakwenda wapi mvua zikinyesha.

Nje, kwenye benchi la ukutani, walikaa wanawake watatu na ndoo tupu. Mmoja wao alikuwa Vitalia, jirani wa mama yake, mguu wake wa kulia umefungwa plasta kuanzia kifundoni mpaka gotini. Aliteleza mwezi uliopita kwenye njia ya bondeni, akiwa na ndoo kichwani. Kabla ya hapo alikuwa hana haja na njia ile, kwa kuwa chemchemi ilikuwa hatua mia kutoka mlangoni kwake. Mwaka jana wataalamu walikuja na gari jeupe, na makala ya Gaudiosa imechapwa ndani ya jalada la plastiki. Wakaziba bomba kwa zege, wakasimika kibao: MAJI HAYA HAYAFAI KWA BINADAMU.

"Shikamoo, mama mdogo," alisema Gaudiosa.

"Marahaba, Daktari." Zamani Vitalia alimwita mwanangu. "Umekuja kukifunga na kijito cha bondeni? Maana kimebaki hicho tu."

Wenzake wakacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Gaudiosa aliinama akaugusa ule mguu kwenye plasta, asijue anaugusa wa nini, akasema pole. Vitalia akajibu asante, akageuza uso. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna wa kumlaumu Gaudiosa kwa kuharakisha hatua zake kuelekea nyumbani akiwa ameibana barua kifuani isije ikakunjika.

*

Mama yake, Tadea, alikuwa barazani akimenya mihogo. Alimpokea mwanawe mkoba, akaupeleka ndani, akarudi na kigoda. Kabla hata ya kuulizana habari za safari aliuliza swali lake la siku zote, lile alilouliza kila alipopigiwa simu.

"Tumefika wangapi?"

"Mia moja arobaini na mmoja, mama."

"Bwana asifiwe! Mwezi uliopita tulikuwa mia moja thelathini na nane." Tadea alipiga makofi mara moja. "Na mimi nimo?"

"Umo, mama. Makala ikitajwa na wewe umo."

Sebuleni, kati ya picha ya Familia Takatifu na ya marehemu baba, ulining'inia ukurasa wa mwisho wa makala ile ndani ya fremu ya kioo. Ulikuwa wa Kiingereza, na Tadea hakujua Kiingereza. Lakini mstari mmoja ulipigiwa kalamu nyekundu chini yake, na jina lililomo alilijua: mwandishi anamshukuru Bi Tadea Ndunguru kwa kukusanya sampuli. Kila mgeni alionyeshwa mstari huo. Hata wanawake walipoanza kumnunia kwa ajili ya zege, hata walipomwachia nafasi tele kwenye mkeka wa jumuiya ya sala kama mtu mwenye upele, Tadea hakukubali mwanawe asemwe. "Kipimo hakina undugu," aliwaambia. "Kingekuwa na undugu kingefunga chemchemi ya wengine kikaacha yetu." Kisha akajitwika ndoo akashuka bondeni nao, miaka yake sitini na tisa na magoti yake mabovu.

"Mama, naomba maji."

"Subiri kidogo. Hayajatulia."

"Nitayanywa hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo!" Tadea aliacha kisu. "Katika nyumba hii? Baba yako amekwenda kaburini hajawahi kumpa mgeni maji yenye tope."

"Mimi si mgeni, mama."

"Aliyeolewa ni mgeni. Kaa."

Alizunguka nyuma ya jiko, na Gaudiosa, kwa kiu tu, akamfuata. Pale kivulini lilisimama pipa la plastiki la bluu lenye kifuniko. Tadea alikifunua, akayaangalia maji kwa kichwa kilichoinama upande, akaingiza kata taratibu asije akaitibua takataka ya chini. Gaudiosa alilitazama lile pipa. Alilijua. Alipokuwa msichana alikatazwa hata kulikaribia.

"Mama, hili si pipa la baba la mrututu?"

"Ndilo. Lakini usiwe na wasiwasi, nililisugua. Kwa mchanga na majivu, siku saba. Alipofariki nani tena angepulizia kahawa? Nikaona chombo kizuri namna hii kisikae bure. Ni la maji ya wageni tu. Mimi mwenyewe nakunywa ya mtungini." Akachekelea. "Padre husema maji yangu yana ladha ya pekee."

Gaudiosa aliinama akachungulia ndani. Chini ya ukingo wa pipa, kwa ndani, kulikuwa na ukanda wa kijani kibichi, upana wa kidole.

"Mama. Zile chupa nilizokutumia kwa basi la kuzungukia mbali mwaka ule wa mvua, daraja lilipobebwa. Ulizijaza vipi?"

"Kama ulivyosema. Nilichota Litembela."

"Ukamimina kwenye chupa?"

"Nimimine tope?" Tadea alimshangaa. "Ilikuwa masika, mwanangu, chemchemi ilikuwa nyekundu kama pombe ya ugimbi. Wewe unanipigia simu unasema mama chota, funga, haya maji yanakwenda kutazamwa na maprofesa. Nikasema moyoni, watu hawa hawajawahi kutuona, kitu cha kwanza wanachopata kwetu kiwe tope? Nikayatuliza siku mbili humu. Yakawa meupe, unaona hata chini. Ndipo nikajaza chupa." Alimpa kata. "Haya, kunywa."

Gaudiosa aliipokea kata, akaishika, asinywe.

Masika yale alizunguka mwenyewe chemchemi kumi na moja za eneo la Maguu na jirani zake. Ya kumi na mbili, ya kwao, ilikuwa ng'ambo ya daraja lililobebwa, na ndiyo hiyo aliyomwachia mama yake. Zile kumi na moja zilikuwa salama kiangazi na masika. Litembela ilikuwa salama kiangazi. Masika shaba yake ikaruka hadi mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa. Alihangaika na tarakimu hiyo miezi minne, mpaka akapata maelezo. Mashimo ya ngoro, yale ambayo Wamatengo huchimba mlimani ili mvua isibebe udongo, huyazamisha maji ardhini pamoja na shaba iliyodondoka kutoka kwenye mibuni, na Litembela, kwa jinsi mwamba wake ulivyolala, hupokea yote. Yalikuwa maelezo mazuri. Wapitiaji wa jarida waliyasifu. Watu wa nchi nyingine wakaenda kuyatafuta kwenye milima yao, na wengine, Mungu awasamehe, wakayapata.

Na katika makala aliandika kwamba sampuli zote zilikusanywa kwa kufuata taratibu za kawaida. Taratibu za kawaida! Hakumuuliza mama yake hata swali moja.

*

Aliondoka na chupa nne. Mbili alizijaza pale zege lilipopasuka na maji kujipenyeza kidogo kidogo kama machozi, mbili akazijaza pipani, akazituma Dar es Salaam kwa Dorothy, mwenzake wa maabara. Kisha akateremka kwenda Mbamba Bay, ziwani, ambako mumewe Daniel alikuwa afisa ardhi.

Majibu yalimkuta huko siku ya nne, jioni, wakiwa wamekaa kibarazani. Mbele yao, ufukweni, chanja za kuanikia usipa, dagaa wa ziwa lile, zilikuwa zikifunikwa maana ziwa lilianza kuvuta mawingu. Ujumbe wa Dorothy ulikuwa mfupi: *Mbili za kwanza safi kabisa. Mbili za mwisho bado zina shaba, chini ya kiwango. Umezitoa wapi, dada?*

Aliuona ujumbe, akampa mumewe simu. Daniel aliusoma, akausoma tena. Alikuwa mtu wa Musoma, Msabato, mpole, mwenye desturi ya kupima maneno yake kama anavyopima viwanja.

"Mama Ida," alisema, "jambo hili anajua nani?"

"Mimi na wewe. Mama analijua bila kujua."

"Kamati inakaa lini?"

"Tarehe kumi na nane."

"Leo ni tarehe tano." Alimrudishia simu. "Basi ngoja. Upite kwanza. Tarehe kumi na tisa waandikie jarida waiondoe makala. Ukweli hautaoza kwa wiki mbili."

"Nitakuwa nimepandishwa cheo kwa pipa la baba."

"Utakuwa umepandishwa kwa miaka sita ya kazi! Hizo makala nyingine tano ulizikosea?"

"Hazikutajwa, Baba Ida. Makala isiyotajwa kwao ni sawa na haikuandikwa."

Daniel alizitazama chanja. Nyumba yao ya Mbinga mjini ilikuwa imesimama kwenye renta, bila paa, mwaka wa pili sasa, miti ikiota sebuleni. Ida, mtoto wao, alikuwa anaingia kidato cha tano. Daniel hakuyataja hayo, na kwa kutoyataja kwake Gaudiosa aliyasikia yote.

"Na mguu wa Vitalia?" aliuliza Gaudiosa.

"Mguu umeshavunjika. Maji yakimwagika hayazoleki. Ukiandika leo au tarehe kumi na tisa, mguu ni ule ule."

"Kuna miguu mingine inayoshuka kila asubuhi. Wa mama yangu umo."

"Kwa hiyo unaniuliza au unaniambia?"

Gaudiosa mwenyewe hakujua. Na tusimsifu kabla ya wakati: hakuandika siku hiyo, wala kesho yake, wala keshokutwa. Kila asubuhi aliifungua kompyuta, akaanza *Mheshimiwa Mhariri*, akaifunga. Alijiambia kwamba anatafuta maneno. Siku ya tano, simu yake ilitoa mlio ule wa kumjulisha kwamba makala yake imetajwa mahali pengine tena. Mia moja arobaini na mbili. Na moyo wake, kabla hajauzuia, ukafurahi.

Hapo ndipo alipojiona. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata mbele ya Vitalia. Aliketi akaandika barua nzima kwa robo saa, akaituma, akaenda kumwambia Daniel aliyekuwa akitengeneza tundu la kuku.

"Nimeandika."

Daniel aliendelea kugonga msumari mpaka ulipozama wote. "Sawa," alisema. Usiku ule na siku mbili zilizofuata hawakuzungumza zaidi ya habari za chumvi na maji ya kuoga.

*

Mhariri alijibu upesi kuliko alivyoipokea makala yenyewe. Alishukuru kwa uaminifu wake, akataka jambo moja: tangazo la kuiondoa makala lieleze kosa lilitokeaje. Gaudiosa aliandika kwamba sampuli za masika za Litembela zilihifadhiwa kwenye chombo kilichowahi kuwekwa dawa ya shaba. Hakutaja chombo cha nani. Lakini jina la aliyezikusanya lilikuwa pale pale mwisho wa makala, kwenye shukrani, na hakuna kalamu ya kulifuta.

Alipanda tena Litembela kumwambia mama yake kwa mdomo, asije akayasikia njiani. Tadea alimsikiliza akiwa amekaa kitako juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, mikono mapajani. Gaudiosa alieleza polepole: mrututu huganda kwenye plastiki, majivu hayautoi, maji yakikaa siku mbili huunyonya. Chemchemi haikuwa na ubaya wowote. Hakusema ni kosa la nani.

Tadea aliivuta miguu yake, akaikunja.

"Kwa hiyo wale watu mia na arobaini na wawili," alisema mwishowe, "wote wanalitaja pipa langu?"

"Mama, kosa ni langu. Mimi ndiye msomi. Nilipaswa kukuuliza."

"Nilidhani nakuheshimisha."

"Najua, mama."

"Nilikuwa nawaambia wenzangu kipimo hakina undugu." Alitazama ukutani, kwenye fremu. "Vitalia nilimwambia hivyo akiwa amelala kitandani, mguu umevunjika. Nilimpelekea na uji, nikamwambia hivyo."

Gaudiosa alilia. Tadea hakulia. Aliinuka kwa kushika ukuta, akaenda kuulizia jumuiya inasali kwa nani wiki ile.

Ilisali kwa Hildegardi, mwenyekiti wake, Jumamosi asubuhi. Baada ya rozari, wakati wa matangazo, Tadea alisimama. Gaudiosa, aliyekaa nyuma karibu na mlango, alimwomba kwa macho akae. Mama yake hakumtazama. Alisema maneno machache. Kwamba chemchemi haina sumu. Kwamba sumu ilikuwa kwenye pipa lake, na yeye ndiye aliyeyatia maji humo, kwa kutaka yapendeze. Anaomba radhi.

Kuku alipita katikati ya mkeka, akafukuzwa.

"Ina maana mguu wangu umevunjwa na pipa?" aliuliza Vitalia.

Kijana mmoja akacheka, kisha wengine wawili, kicheko kilichojifanya kikohozi. Vitalia hakucheka. Alikuwa anamtazama Tadea kwa namna ya mtu aliyejiandaa kukasirika akakosa pa kuanzia.

"Tunamshukuru Mama Gaudiosa kwa ukweli wake," alisema Hildegardi, akafungua daftari. "Tangazo jingine. Padre atakuja kwetu Jumapili ijayo, kubariki nyumba. Chakula, kama kawaida. Maji..." Alisita, kalamu ikizunguka hewani. Kwa miaka kumi na tisa maji ya Padre, ya kunywa na ya kunawa, yalitoka kwa Tadea, na jina lake halikuhitaji kuandikwa. "Maji, safari hii, tumwombe Vitalia. Wajukuu wake watamsaidia kuchota."

Tadea alitikisa kichwa kukubali, mara mbili, kama vile ni yeye aliyetoa wazo hilo. Akakaa, akaivuta khanga yake ikafunika miguu.

Kutoka hapo Gaudiosa alikwenda moja kwa moja kwa Xavery. Alimkuta akinywa chai ofisini, akamweleza, akamwonyesha majibu ya Dorothy kwenye simu. Xavery alisikiliza yote. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa na mipaka ya jalada.

"Daktari, nielewe. Kufunga, niliandikiwa. Barua ninayo, ina namba ya kumbukumbu. Kufungua, nifungue kwa simu yako? Kesho mtoto akiugua tumbo, nitasema nini? Aliyefunga ndiye afungue. Waje wapime wenyewe, waandike."

"Watakuja lini?"

"Hilo waulize wao. Kuja kufunga iliwachukua miaka mitatu tangu ulipoandika." Alikoroga chai. "Na samahani, usinielewe vibaya. Mwanzo ulisema yana sumu, tukakuamini. Leo unasema hayana. Wanawake wananiuliza, tumwamini Daktari yupi?"

Gaudiosa alichukua mkoba wake. Alipofika mlangoni Xavery alimwita.

"Ile barua yangu ya mhuri. Kama hujaitumia, naiomba."

Aliitoa kwenye mkoba, bado imenyooka, akamrudishia. Xavery aliikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati.

*

Kamati ilikaa tarehe kumi na nane kama ilivyopangwa. Ilimpongeza Dkt. Ndunguru kwa uadilifu aliouonyesha, ikaona kwamba machapisho yaliyobaki na idadi ya kutajwa kwake havitoshelezi vigezo. Pongezi zilichukua mstari mmoja. Krismasi ilipita. Alikabidhi koti la maabara, funguo, na kitambulisho, Dorothy akamsaidia kubeba katoni mbili za vitabu hadi stendi, wakaagana kwa kupeana mikono kama watu wasiofahamiana vizuri, kwa kuogopa kulia mbele ya makondakta.

Mwishoni mwa Januari alipanda Litembela. Daniel alimsindikiza mpaka kituoni Mbamba Bay, akamfungia mkoba kwenye keria ya gari, akamwambia amsalimie mama. Walikuwa wameanza kuzungumza tena, mambo madogo madogo. Gaudiosa alikuwa ameomba kazi ya kufundisha kemia sekondari moja ya Mbinga, akaambiwa asubiri.

Njiani alifungua simu. Hakuhitaji kuangalia, lakini mkono ulikuwa umezoea. Juu ya kila ukurasa wa makala sasa lilipita neno moja jekundu, kwa mshazari, kubwa, kwamba imeondolewa. Chini yake idadi ilikuwa mia moja hamsini na sita. Wanaotaja hawafungui. Walikuwa wakinakiliana, huyu kwa yule, na chemchemi ya Litembela ikaendelea kuwa na sumu katika lugha saba.

Kibao nacho kilikuwa pale pale, mvua imeanza kukipausha. Zege halikuguswa. Maji yaliyokuwa yakijipenyeza kwenye ufa yalikuwa yamepata njia nyingine chini kwa chini. Ufa ulikuwa mkavu. Wanawake wawili walimpita wakipanda kutoka bondeni, ndoo vichwani, wamelowa mpaka mabegani. Walimsalimu vizuri. Hakuna aliyemwita Daktari, wala mwanangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Pole na yote."

Tadea alimpokea mkoba, akamletea kigoda. Hakuuliza wamefika wangapi. Alikuwa amekonda, na magoti yalimfanya atembee akishika vitu. Sebuleni, kati ya Familia Takatifu na marehemu baba, palikuwa na mraba mweupe ukutani, na msumari. Nyuma ya jiko pipa la bluu lilikuwa limepinduliwa, chini juu, na kuku mmoja amelala juu yake.

"Padre alikuja?" aliuliza Gaudiosa.

"Alikuja. Nilikuwa jikoni, siku hiyo nilipangiwa kuosha vyombo." Tadea alikunja upindo wa khanga. "Alipokunywa maji akasema leo hayana ile ladha."

Mvua ndogo ilianza kugonga mabati. Tadea akaingia ndani, akakawia, akatoka na kikombe cha bati juu ya kisahani, akapiga goti la heshima kama alivyowapigia wageni wote wa nyumba ile, akamkabidhi mwanawe kwa mikono miwili.

Maji yalikuwa mekundu. Vijani viwili vilielea juu, na chini ya kikombe palikuwa na mchanga.

Gaudiosa aliyatazama, akamtazama mama yake.

"Nimeyachota kijitoni asubuhi," alisema Tadea. "Sijayatuliza. Niliyatia kwenye sufuria, nikayatoa. Nikayatia mtungini, nikayatoa." Aliifuta mikono kwenye khanga. "Mwanangu, mimi sijui tena chombo kisafi ni kipi."

Gaudiosa alikipeleka kikombe mdomoni akayanywa yote, mpaka ule mchanga wa chini, mama yake amepiga goti pale pale akimwangalia mpaka alipomaliza.